Historia ya babu isiandikwe usiku wa msiba

Ukihudhuria misiba mingi, historia fupi ya marehemu unaweza kuimalizia mwenyewe kabla msomaji hajafika mwisho. Alizaliwa mwaka fulani, mtoto wa tatu kati ya wanane. Alisoma hapa, akaajiriwa pale, akafunga ndoa takatifu. Alianza kusumbuliwa na presha na sukari. Ameacha mjane, watoto, wajukuu na vitukuu. Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Karatasi inakunjwa, zinafuata salamu za rambirambi, na mtu aliyeishi miaka themanini na kitu ameshasemwa akaisha kwa dakika tano.

Siwalaumu waandishi. Kazi hiyo hukabidhiwa mjukuu mwenye kompyuta usiku wa kuamkia mazishi. Nje watu wanafunga turubai, jikoni sufuria zinagongana, simu zinaita kutoka Dar na Mwanza, na ratiba inatakiwa kwa mchapaji alfajiri. Wanaojua habari wamelia mpaka sauti zimekauka. Kwa hiyo mwandishi anachukua historia ya msiba uliopita, anabadilisha majina na miaka. Nani angefanya vinginevyo saa nane za usiku?

Ninachowasihi wenzangu ni kwamba historia ya babu au bibi ianze kuandikwa yeye akiwa bado anakaa kwenye kiti chake, anakula na kubishana nawe. Na kama ameshatangulia, basi ianze matanga yakishaanuliwa, watu wametulia, hakuna anayesubiri karatasi.

Ya babu yangu mzaa baba niliianza akiwa hai, nikaikamilisha akiwa ameshalala kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo. Alikuwa mtu wa Machame, Kilimanjaro: mkulima wa kahawa, karani wa mizani katika chama cha ushirika cha msingi, mwimba besi, mpiga tarumbeta na mzee wa kanisa. Katika historia za msibani kila kimoja cha hivyo hupewa sentensi yake na nukta yake. Kazi mahali pake, kanisa mahali pake, uimbaji ukikumbukwa. Lakini kadiri nilivyozidi kuuliza, ndivyo nilivyoona kwamba kwa babu vitu hivyo vilikuwa vimefumwa pamoja, na ukivitenganisha unabaki na mtu ambaye hakuwahi kuwapo.

Nianze na kazi, maana ndiyo mlango rahisi kuliko yote. Ukimwuliza mzee, "Babu, maisha ya zamani yalikuwaje?" atakujibu, "Yalikuwa mazuri tu, watu walipendana." Jibu limekwisha. Mwulize badala yake, "Babu, kahawa ikiletwa chamani, wewe ulianza kushika nini?" Hapo utasikia kiti kinasogezwa.

Babu alinieleza kwa utaratibu, kama mtu anayefundisha karani mpya. Kahawa inachumwa ikiwa nyekundu tu, punje kwa punje, na inamenywa siku hiyohiyo kwa mashine ya mkono, kwa sababu ikilala na ganda lake inaanza kuharibika. Baada ya kumenywa inavundikwa ichachuke mpaka ule utelezi uachie, inaoshwa kwa maji mengi, halafu inaanikwa kwenye vichanja vya waya na kugeuzwageuzwa. Usiku au mvua ikija, inafunikwa. Ikifika chamani ndani ya gunia, ingali na ganda lake jembamba, karani huingiza mkono mpaka katikati ya gunia, kwa sababu mjanja huweka iliyokauka juu na mbichi chini. Ananusa. Anang'ata punje moja: iliyokauka sawasawa ni ngumu na inakatika, isiyokauka inabonyea. Ndipo anapima, anatoa uzito wa gunia tupu, anaandika stakabadhi kwa karatasi ya kaboni, moja ya mkulima, moja ya chama.

Na kila asubuhi kabla ya mtu wa kwanza kufika, alipima mawe ya mizani. Nilimwuliza kwa nini kila siku, kwani mizani inaharibika usiku? Akaniambia nikafungue Mithali, sura ya 11, mstari wa kwanza. Ni ule unaosema kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Hakuwa ananihubiria. Ndivyo alivyoyajua maneno yale: yalihusu chuma kilichokuwa mbele yake, na jirani aliyekuwa kwenye foleni amebeba gunia kichwani tangu bondeni. Kama ningemwuliza, "Babu, imani yako ilikuwaje?" nisingeupata mstari ule hata kwa mwaka mzima. Niliuliza habari za mizani, imani ikaja yenyewe.

Kwa hiyo uliza jinsi kitu kilivyofanywa. Kama babu yako alikuwa utingo, mwulize mzigo ulifungwaje na turubai lilikazwa kwa fundo gani. Alikuwa bandarini? Zamu ilibadilishwa saa ngapi, na nani aliita majina? Alikuwa mkata mkonge Tanga? Mwulize siku yake ilihesabiwaje mpaka ikasemwa imetimia. Alikuwa mwalimu? Chaki ilitoka wapi ilipokuwa haipatikani? Mzee anaheshimika anapoulizwa ufundi wake. Anaona unataka kujua alichokijua yeye, na hapo anakuwa mkarimu wa maneno.

Ukimaliza na mzee mwenyewe, nenda kwa wenzake wa kazi. Ndugu hutuambia alivyokuwa nyumbani. Wenzake wa kazi humjua mtu mwingine kabisa. Mzee mmoja aliyekuwa akipakia magunia kwenye lori la kwenda kiwanda cha kukoboa Moshi aliniambia jambo ambalo nyumbani kwetu halikuwa likijulikana: kwamba babu alikuwa akiwasomea wakulima wasiojua kusoma stakabadhi zao kwa sauti, taratibu, mpaka mtu arudie mwenyewe zile kilo. Foleni ilirefuka, watu wakanung'unika, naye hakuacha. Baba yangu, mtoto wake wa kuzaa, alilisikia hilo kwa mara ya kwanza kutoka kwangu.

Sasa miaka. Hapa familia nyingi hukwama na kugombana, kwa kuwa wazee wetu wengi walizaliwa pasipo cheti cha kuzaliwa. Kwetu kila shangazi alikuwa na mwaka wake. Kama babu yako alibatizwa, nenda kwenye vitabu vya ubatizo vya usharika au parokia yake. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na tangu zamani kuandika ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi ni sehemu ya kazi ya makanisa haya. Mara nyingi utapata tarehe, majina ya wazazi na ya wadhamini wa ubatizo. Hayo ya wadhamini usiyapite haraka. Yanakuonyesha wazazi wake walikuwa karibu na nani, jambo ambalo pengine hakuna aliye hai anayelikumbuka. Nenda kwa adabu: ongea kwanza na mchungaji au paroko, omba siku ofisi ikiwa na nafasi, nawa mikono, na usipige picha kurasa nzima zenye habari za familia za watu wengine.

Kama hakuna kitabu, tumia matukio. Usimwulize mzee, "Ulioa mwaka gani?" Mwulize ilikuwa kabla au baada ya bendera kupandishwa, yaani Desemba 1961. Mahari ililipwa kwa fedha za zamani za Afrika Mashariki au kwa shilingi ya Tanzania iliyoingia mwaka 1966? Mtoto huyu alikuwa anatembea wakati wa Azimio la Arusha, 1967? Nani alikuwa mgongoni wakati vijana wanakwenda vita ya Kagera? Mlikuwa wapi redio ilipotangaza kifo cha Sokoine, Aprili 1984? Watu wazima husahau namba, lakini walikuwa wamesimama wapi hawasahau.

Kwa wakulima wa kahawa kuna kalenda nyingine tena. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kilianza mwaka 1933, kikichukua nafasi ya chama cha wakulima kilichoanzishwa mwaka 1925, na wazee wa rika la babu walipenda kusema nani alizaliwa kabla yake na nani baada yake. Kuna mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa na serikali, na sheria ya mwaka 1982 iliyofungua njia ya kuvirudisha. Kuna baridi kali iliyoua mibuni ya Brazil Julai 1975, ambayo ilipandisha bei ya kahawa duniani kote miaka miwili iliyofuata. Shangazi alikumbuka kwamba bati za nyumba kubwa zilipatikana "mwaka kahawa ilipokuwa dhahabu". Huo mwaka mtu aweza kuutafuta, akaukuta. Na alikumbuka pia kwamba muda si mrefu baba yake alikuwa nyumbani mchana, bila funguo za ghala, akipiga dawa ya mrututu kwenye mibuni yake kama mkulima yeyote. Katika historia fupi ya msibani kipindi hicho kingeandikwa "aliendelea na shughuli za kilimo". Lakini mtu aliyekuwa ameshika mizani ya kijiji kwa miaka mingi, siku moja anaambiwa chama hakipo, ana jambo la kusimulia. Muulize. Babu alipofika hapo alinyamaza kidogo, akasema alichoumia zaidi ni kwamba hakuna aliyekuja kukabidhiwa daftari. Alilitunza mwenyewe. Chama kiliporudi, alilipeleka.

Nimekwenda mbali na muziki, na muziki ndio ninaoutaka hasa.

Wengi wetu tunaandika "marehemu alikuwa mwanakwaya" basi. Alikuwa sauti ya ngapi? Alifundishwa na nani? Aliimba amesimama karibu na nani miaka yote hiyo? Babu alikuwa sauti ya nne, besi. Kama hujawahi kuishi na mwimba besi, jua kwamba besi ikiimbwa peke yake haieleweki. Inakaa kwenye noti moja, inashuka, inarudi, na msikilizaji hajui ni wimbo gani. Ukimwambia mzee wa besi, "Babu, niimbie ule wimbo," atakuimbia sauti ya kwanza kama kila mtu anavyoijua, kwa kukuhurumia. Mwambie akuimbie sauti yake mwenyewe. Irekodi hivyo hivyo ilivyo, na utaje mwanzoni jina la wimbo, maana baada ya miaka kumi hutautambua. Kisha watafute wa sauti nyingine tatu. Kwetu tulimpata bibi mmoja wa sauti ya pili, amepofuka, na sauti yake bado imenyooka. Tulipomchezea besi ya babu kwenye simu, aliingia na sauti yake bila kuambiwa wimbo gani. Aliitambua kwa besi. Sijawahi kuona ushahidi mkubwa kuliko huo wa watu kuimba pamoja.

Tafuta pia makaratasi. Waalimu wa kwaya wa zamani waliandika nyimbo kwa tonik solfa kwenye madaftari makubwa ya kaunta: herufi d, r, m, f, s, l, t, nukta mbili za kutenganisha mapigo, kistari cha kushikilia sauti, na juu kabisa imeandikwa doh ni ipi. Ni mfumo ulioenezwa na Mwingereza John Curwen karne ya 19, na makwaya yetu yameutumia mpaka ukawa wetu. Watoto wanaosafisha nyumba baada ya msiba huona karatasi zenye herufi zisizoeleweka na kuwashia moto. Ziokoe. Pigia picha kila ukurasa, pamoja na ile yenye madoa na mafuta ya taa. Kwenye daftari la babu, pembezoni mwa nyimbo, kuna hesabu za kilo na majina ya wakulima. Upande mmoja besi ya Krismasi, upande mwingine nani anadaiwa gunia. Nimelitaja hilo maana mtu akiniuliza babu yangu alikuwa nani, ningemwonyesha ukurasa huo.

Na tarumbeta. Katika sharika nyingi za Kilutheri za Kilimanjaro, kikundi cha tarumbeta ndicho kinachosindikiza sikukuu na mazishi. Babu alipiga lile kubwa la besi, na kwa muda mrefu ndiye aliyelitunza nyumbani, limefungwa blanketi, watoto wamekatazwa hata kulisogelea. Ukiwa na mzee wa namna hii, uliza chombo kilitoka wapi, kikiharibika kilipelekwa kwa fundi gani, nani alikipiga kabla yake na nani alikirithi. Chombo cha kanisa kina ukoo wake, na mara nyingi aliyerithi chombo alirithi na nyimbo.

Shangazi yangu mkubwa ndiye aliyenipa kitu ambacho babu mwenyewe hakukisema, pengine kwa sababu kwake kilikuwa cha kawaida mno. Wakati wa msimu, walipokuwa wakizungusha mashine ya kumenyea kahawa jioni, yeye na ndugu zake kwa zamu, babu alikuwa akifanyia mazoezi besi ya Jumapili kwa mapigo ya mpini. Mpini ukizunguka polepole, wimbo polepole. Akitaka kazi iende, aliingia wimbo wa haraka. Watoto wake wote wanne wa kwanza wanajua besi za nyimbo ambazo hawajawahi kuimba kanisani. Niambie hilo utaliweka chini ya kichwa gani: kazi, familia, muziki au ibada?

Kama babu yako alikuwa Mwislamu wa pwani, maswali ni yaleyale kwa majina mengine. Alisoma chuo kwa nani, na mwalimu wake alisoma kwa nani? Nani alimshikisha dufu mara ya kwanza? Maulidi yalisomwa kwenye kibaraza cha nani? Unguja kuna vikundi vyenye umri mkubwa, kama Nadi Ikhwan Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905, na mzee aliyepita hapo na fidla au ganuni ana wenzake wanaomkumbuka kwa namna ambayo nyumbani hawamjui. Watafute.

Kuhusu imani nina neno moja ambalo najua si wote watakubaliana nalo. Historia inayosomwa mbele ya mchungaji au shehe huwa na kishawishi cha kumsafisha marehemu. Babu alikuwa mzee wa kanisa, na pia alipokuwa akipatanisha majirani waliogombania mpaka, alikwenda na jani la sale mkononi. Mchaga yeyote anajua maana yake: mwenye kuletewa sale hawezi kukataa msamaha kirahisi. Na masale yenyewe ndiyo yaliyopandwa mpakani. Shangazi mmoja alitaka habari hiyo iondolewe, watu wasije wakasema mzee wa kanisa alishikilia mila. Nilimheshimu, nikamsikiliza, lakini niliiacha ndani baada ya kumsomea aya nzima, kwa kuwa mwisho wa kila upatanisho babu aliomba, wote wakiwa wamesimama na jani likiwa bado mkononi mwa aliyeombwa msamaha. Ndivyo alivyoamini. Tukimwandika nusu, wajukuu watakaokuja watafikiri imani ya mababu zao ililetwa kwenye sanduku ikafunguliwa ikiwa nzima.

Halafu bibi. Hapa ndipo historia za wanaume wetu zinapokuwa na deni kubwa. Kadi ya chama ilikuwa na jina la babu. Stakabadhi zilikuwa na jina la babu. Malipo ya awali na malipo ya pili yalipokelewa na babu. Lakini nani alichuma? Nani aliamka usiku kufunika vichanja mvua ilipoanza? Maji ya kuoshea kahawa yalitoka kwenye mfongo, yaani mfereji wetu wa asili, na bibi na binti zake ndio walioyateka. Siku babu anasimama na kwaya kwenye kongamano la mbali, mtu fulani alibaki na ng'ombe, migomba na watoto wachanga. Ukiandika historia ya babu bila kukaa na bibi, au na wanawake waliomfahamu bibi, umeandika nusu ya nyumba. Na ukae naye akiwa peke yake, jikoni, wakati anafanya kazi zake. Mbele ya mumewe atasema, "Mwulize babu yako." Mimi bibi yangu aliniambia bei za kahawa za miaka mbalimbali kwa kukumbuka alinunuliwa nini, au hakununuliwa nini, mwaka huo. Hakukosea hata moja niliyoweza kuilinganisha na stakabadhi.

Utakutana na mambo mazito. Watoto waliofariki wadogo, wasiotajwa kamwe. Mtoto wa nje. Shamba lililouzwa na bado linauma. Ushauri wangu: yaandike yote kwenye daftari lako, lakini kabla hujachapisha chochote kinachomhusu mtu aliye hai, nenda kwake, msomee, naye aseme ndiyo au hapana. Akisema hapana, liache. Watoto waliofariki tuliwataja kwa majina, bibi mwenyewe alitaka hivyo. Aliyasema taratibu, akaniambia niandike na mwezi.

Ya mitambo nitayasema upesi. Rekodi kwa programu ya kurekodi sauti, usitumie ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Weka simu kwenye hali ya ndege ili isiite katikati, ilaze juu ya kitambaa karibu na mzee, zima redio, na jaribu kwanza sekunde chache usikilize. Taja mwanzoni tarehe, mahali na jina la anayeongea. Picha za zamani zikitumwa WhatsApp hubanwa zikapoteza ubora, kwa hiyo zitume kama dokumenti. Nyuma ya picha ya karatasi andika kwa penseli laini, usitumie kalamu ya wino, na taja watu kutoka kushoto kwenda kulia, hata yule mnayemwita "yule wa Kibosho". Weka nakala mahali pawili tofauti. Ukiwa mbali, Muscat au Minnesota, mpe kazi binamu aliye nyumbani na umtumie maswali machache kwa wakati mmoja. Orodha ndefu humchosha mzee na humtisha binamu.

Na mwache azungumze lugha yake. Babu kwa Kiswahili alikuwa karani: sahihi, mfupi, rasmi. Kwa Kimachame alikuwa mcheshi, mwenye hasira, mwenye kuigiza sauti za watu. Rekodi nzuri zote ni za Kimachame. Kutafsiri kulichukua muda, na nilihitaji mtu wa umri wa baba yangu kando, lakini ndiyo kazi iliyonifundisha zaidi.

Ukishaandika, usichapishe kwanza. Soma kwa sauti mbele ya wazee waliobaki, ukurasa kwa ukurasa, na uwaache wakukatize. Kwetu ilisomwa sebuleni wakati wa Krismasi, watu wote wamepanda kutoka mijini, na tulibishana kuhusu jina la fundi wa tarumbeta mpaka chai ikapoa. Marekebisho yaliyotoka siku ile ni bora kuliko sura nzima niliyoandika mwenyewe. Kisha chapisha kijitabu cha kawaida tu, cha kubana pini, gharama yake mtachangishana. Peleka nakala usharikani, peleka kwenye chama cha msingi alikofanya kazi, mpe na mzee aliyepakia magunia, kwa sababu ni historia yake pia. Siku ya msiba, msomaji wa historia fupi atakuwa na mahali pa kuchukua, na zile dakika tano zitajaa.

Mwishoni mwa kila nakala acha kurasa kadhaa tupu, na uwaambie watu wazi kwamba ni za kuandikia. Nakala ya shangazi zimeshajaa upande kwa upande, ameandika mpaka kwenye jalada, na mwezi uliopita ameniagiza nimletee daftari la kaunta.